Kusogea Kabla ya Mpira

Rafiki yangu wa zamani Syombua alikuja kunitembelea hapa Nuu mwezi uliopita bila kutuma habari. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikipepeta ndengu, nikasikia mtu mlangoni akisema kwa sauti ya kuamrisha, "Nani anasimamia upande huu? Mbona mmeuacha wazi?" Nilijua ni yeye kabla sijamwona. Nikaweka ungo chini, nikatoka, tukashikana mikono, halafu mabega, halafu tukasukumana kama wasichana. Nikamwambia amenenepa. Akaniambia mimi nimekauka kama muhogo wa kiangazi. Baada ya kuambiana ukweli huo tukaingia ndani kunywa chai. Mjukuu wangu Mueni yuko sekondari na anacheza besiboli huko shuleni, kwa hiyo alikuwa na mechi ya watu wa mbali kwenye simu, akatuonyesha ili tusimsumbue na maswali ya masomo. "Susu, angalia hawa wa nyuma," akasema. "Wanazubaa tu. Wanatembeatembea kama wamepotelewa na kitu." Syombua akaweka kikombe mezani. "Wamepotelewa na kitu! Asi! Mwangalie huyo wa katikati. Amesogea kulia kwa sababu ameona miguu ya mpigaji. Mpira unaenda kule." Mpira ukaenda kule, na yule wa katikati akaudaka bila hata kukimbia. Mueni akatuangalia kama watu tuliotoka kaburini. "Aki susu, mlijuaje?" Nikamwambia anyamaze tunywe chai. Lakini tangu siku hiyo sijatulia, na kwa sababu mtoto aliuliza vizuri, nitamjibu hapa.

Ya nyumbani kwetu siandiki. Nilienda Kiboko kutafuta kibarua kama wengine, nikakipata, yatosha. Mimi na Syombua tulikodi chumba nyuma ya hoteli ya Bi Zuhura, kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama. Kilikuwa chumba cha mabati chenye vitanda viwili na msumari mmoja wa kutundikia nguo, na kati yetu na meza za hoteli palikuwa na ubao mwembamba tu. Watu wa Bi Zuhura walitoka pwani, na yeye alizaliwa kule kule Kiboko, akawa na Kikamba cha kugombana na Kiswahili cha kuuzia mahamri. Sisi tulikuwa tunapika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na kunde kwenye jiko letu mlangoni, na tulipokuwa tukila tulisikiliza hoteli yote. Dereva mmoja alimuuliza, "Mama, chai hii si ya jana?" Bi Zuhura akajibu, "Ya jana uliinywa jana ukaisifu. Hii ni ya leo, kwa hiyo vumilia." Tulicheka na vinywa vimejaa. Akatusikia, akagonga ubao na mwiko, kisha akatuletea mahamri yaliyoungua upande mmoja. Siku hizi nina nyumba ya mawe na viti vya mto, na sijawahi kula ndani yake chakula kitamu kama kile cha kuegemea ubao wa watu.

Kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege katika mashamba ya mtama ya kituo cha utafiti. Kila kipande kilikuwa na mbegu yake, na ndege wakila kipande kimoja kazi ya msimu mzima imekwisha. Tulisimama juu ya madungu, vile vichanja vya miti, kila mtu na kombeo lake na madonge ya udongo uliokauka. Wale ndege wadogo wa mdomo mwekundu hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi, wanapinda pamoja, na wanashuka pale ambapo hakuna mtu. Anayengoja washuke ndipo aende atakimbia kutwa nzima na jioni mtama utakuwa umeliwa. Unatakiwa uangalie kundi likiwa bado juu, uone linavyoinama, ushuke uende kule linakotaka, nalo likikuona linaghairi. Na hamwendi nyote, kwa sababu kundi hugawanyika, nusu ikawavuta huku na nusu ikala kule. Mimi nilikuwa na miguu. Syombua hakuwa nayo. Alikuwa na mkono. Donge lake lilifika pale ambapo madonge yetu hayakufika, lakini goti lake la kulia halikukunjika sawasawa, na alipotembea aliurusha mguu pembeni.

Goti hilo lilikuwa la Ikutha. Syombua aliolewa huko, akateleza kwenye ukingo wa mto na mtungi mgongoni, mguu ukapona vibaya. Mama mkwe wake akangoja miezi, akaona mtoni haendi sawa na wenzake, akasema mbele ya watu kwamba mke wa kuchungwa kama ndama hamhitaji. Mume alinyamaza. Syombua akarudishwa kwao na kikapu chake. Alinieleza mara moja tu, akiwa anachambua kunde, na hakulia. Alisema, "Walinifunga kikapu vizuri sana. Hata kamba waliweka mpya."

Mchezo uliletwa na Mwalimu Ndunge. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya karibu, mdogo wa umri kama sisi, na alijifunza besiboli alipokuwa chuoni. Mwenzake wa chuo alikuwa amepelekwa kufundisha Ikutha na ameanzisha timu ya kina mama huko, akawa anamringia kila wakionana. Basi Mwalimu Ndunge akaja shambani saa ya chakula na gunia la glavu kuukuu, akasimama chini ya madungu yetu akatuita. "Nyinyi mnaorusha udongo! Nataka hiyo mikono." Tulidhani ni kibarua. Aliposema ni mchezo, Mwikali, aliyekuwa kwenye dungu la tatu, akauliza, "Tukicheza ndege watafukuzwa na nani?" Mwalimu akasema tutacheza Jumapili baada ya kanisa. Hapo tukashuka kuzijaribu glavu.

Siku ya kwanza sitaisahau hata nikisahau jina langu. Alitupanga uwanjani nyuma ya shule, akatueleza kwamba mpigaji akipiga, sisi tudake mpira kabla haujagusa chini, na mpigaji huyo ametoka. Nikaelewa. Kila mtu akaelewa. Akapiga mpira juu, ukaja upande wangu ukipinda kama kitu chenye akili, na mikono yangu ilijua jambo moja tu kuhusu kitu kinachoruka kuja kwangu. Nikaipunga yote miwili nikapiga kelele, "Swaaa! Toka! Swaaa!" Na kwa kuwa mlinzi mmoja akipiga kelele wote huitikia, uwanja mzima ukaanza, "Swaaa! Swaaa!" Mpira ukaanguka kando yangu ukabiringika, na Syombua, kutoka mbali kule, akaokota donge la udongo akaupiga, akaupata. Mwalimu Ndunge alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisa, akacheka mpaka akashika tumbo. Alipoweza kusema alisema, "Dada zangu, huo mpira hauli mtama."

Ilichukua Jumapili nyingi mikono yetu iache kufukuza ianze kupokea. Baada ya hapo ndipo alitufundisha kusimama. Watu wanafikiri mchezo huo ni wa yule mwenye gongo. Hao hawajasimama nyuma. Mwalimu alituambia kila mpigaji akija, tuangalie miguu yake kabla ya mikono. Mguu wa mbele ukiwa umefunguka kuelekea nje, atauvuta mpira upande wake, basi nyote sogeeni upande huo. Akiwa mwembamba na anashika gongo katikati, njooni karibu. Akiwa na mabega, rudini nyuma. Upepo wa mchana ukitoka milimani, mpira unaopanda utarudi, kwa hiyo msirudi nyuma sana. Wakiwa na mtu kwenye besi ya tatu, tayari kurudi nyumbani, pale mpigaji anaposimama, na kupata alama, wale wa karibu wasogee ndani wamkate. Na mkimwona mpigaji anachelewa, yaani gongo linapita mpira ukiwa umeshafika, jueni utakwenda upande asiouzoea. Alikuwa akieleza, nami nikawa naona ndege. Nikawaambia wenzangu kwa lugha yetu, "Ni kundi hilo. Angalieni linavyoinama." Wakaanza kusogea. Mwalimu akampa Mwikali kazi ya kuwarushia wapigaji mpira, mimi akaniweka katikati nyuma, akasema, "Wewe una sauti ya kugombeza. Wapange." Nikawapanga. Sijaacha kuwapanga watu mpaka leo, watoto wangu watakuambia. Lakini sisemi maisha ni besiboli. Maisha ni maisha. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia sauti yangu ina kazi.

Syombua aliwekwa kulia nyuma, ambako mipira haiji sana, kwa sababu watu wengi hupiga kwa mkono wa kulia na kuuvuta mpira kushoto. Alisimama huko akiwa na furaha kuliko sisi wote. Alijifunga kanga ya Bi Zuhura kiunoni, akaimba mapambio ya kanisani, na mpira ukimfikia aliurusha mpaka nyumbani bila kuhitaji mtu wa kuupokea njiani. Kisha habari ikaja kwamba tumealikwa Ikutha baada ya mavuno, kucheza na timu ya yule mwenzake Mwalimu. Tuliposikia, tulipiga vigelegele. Syombua hakupiga. Aliosha sahani ile ile mara mbili, halafu akasema, "Nataka kusimama kule. Sitaki kusema nao. Nataka tu wanione nimesimama mahali ambapo watu wananitegemea."

Jioni moja, jua likiwa bado liko juu ya barabara, tulikuwa tunakula muthokoi tukamsikia Mwalimu Ndunge upande wa pili wa ubao akizungumza na Bi Zuhura. "Ikutha nitamwacha Syombua," akasema. Bi Zuhura akauliza, "Kwa nini, mwanangu? Si ndiye ana mkono?" Mwalimu akasema, "Wana mpigaji wa mkono wa kushoto, anaitwa Kavata. Huyo anapiga yote kulia, na kulia ndiko Syombua yuko. Watamkimbiza mpaka alie. Na wale watu wanamjua, Bi Zuhura. Sitaki wamcheke mbele yangu." Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuumia. Nilimwangalia Syombua. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani. Akakishusha, akasema polepole, "Nitaenda hata kama ni kuwabebea maji." Akatafuna kidogo. "Hapana. Ikutha sibebi maji tena. Nitaenda kucheza."

Mimi sina tabia ya kungoja. Niliinuka na sahani yangu nikazunguka mpaka mlango wa hoteli, Syombua nyuma yangu akirusha mguu. "Mwalimu," nikasema, "ubao wenu ni mwembamba." Akashika mdomo. Bi Zuhura akasema, "Basi kaeni, mmeshasikia yote, imebaki mle na mbaazi." Nikachukua mbaazi kutoka sahani ya Mwalimu nikazipanga mezani, huyu hapa, yule pale. Bi Zuhura akasema, "Chakula hicho ni cha kuliwa," lakini akasogeza taa ya meza atupe nafasi. Nikamwambia Mwalimu, "Kavata akija, Syombua asikae kulia. Mimi nitaenda kulia. Na wa kushoto aje kulia pia." Mwalimu akasema, "Utaacha kushoto kote wazi." "Ndiyo. Ndege wanashuka wapi? Palipo wazi." Akafikiri, akichezea kijiko, na ndipo akaona kitu ambacho mimi sikukiona. "Lakini mtu wa mkono wa kushoto akilazimisha mpira kwenda kushoto, lazima apige akiwa amechelewa," akasema. "Mpira hautakuwa na nguvu. Utapanda juu na kuanguka karibu." Akachukua mbaazi ya Syombua kutoka kulia, akaivusha meza yote, akaiweka kushoto, mbele kabisa. "Hapa. Na Mwikali amrushie mpira ukiwa mbali na mwili, ili ashawishike." Syombua akaitazama ile mbaazi muda mrefu. "Hapo sikimbii?" akauliza. "Hapo unasimama," Mwalimu akajibu. "Lakini akiupiga kwa nguvu, hakuna mtu nyuma yako. Wote walioko kwenye besi watarudi nyumbani na tumeshindwa. Unaelewa?" Syombua akasema, "Nimeelewa. Nipe hiyo mbaazi." Akaila.

Tulienda Ikutha kwenye lori la mkaa lililofagiliwa, tukaimba njia nzima, tukashuka weusi mpaka masikioni. Uwanja ulikuwa karibu na soko la mifugo na siku hiyo ilikuwa ya soko, kwa hiyo watazamaji walikuwa wengi, wengine wakiwa na mbuzi mikononi. Kina mama wa Ikutha walikuwa wamevaa sketi za rangi moja, sisi kila mtu na yake. Mtu mmoja akapaza sauti, "Hawa wamekuja kucheza ama kuuza mkaa?" Mwikali akamjibu, "Tumekuja kununua, kama nyinyi mnauzwa." Nikamwona Syombua akitazama upande wa watu. Palikuwa na mwanamke mrefu chini ya mwavuli mweusi, anashika kiuno. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye yule mama mkwe. Nikamuuliza Syombua, "Yuko?" Akasema, "Yuko. Na mwavuli ni ule ule."

Mchezo ulikuwa mzuri kuliko yote niliyocheza. Walipiga, tukasogea. Walikuja na wembamba, tukawaendea karibu. Walikuja na wenye mabega, tukarudi mpaka kwenye mbuzi. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Mbona hawa wa Kiboko kila mara mpira unawakuta wako pale? Wamepewa dawa gani?" Kavata alipokuja mara ya kwanza hatukufanya lile la mbaazi. Mwalimu alisema tuliweke akiba mpaka mwisho. Nilimfunika Syombua kadiri nilivyoweza, lakini mpira ukapita kati yetu, na Syombua akaufuata akirusha mguu, na watu wakacheka kama Mwalimu alivyoogopa. Mtu akapiga kelele, "Mkimbizeni tena!" Syombua akaufikia, akageuka, akaurusha mpaka nyumbani, na mtu wao mmoja akatolewa pale pale. Kicheko kikapungua, hakikuisha.

Tukafika mwisho tukiwa mbele kwa alama moja. Akitolewa mmoja wao tena mchezo umekwisha, walikuwa na watu kwenye besi ya pili na ya tatu, na anayekuja kupiga ni Kavata. Mwalimu Ndunge alikuwa pembeni. Aliniangalia tu. Nikainua mkono nikapanga. Yule wa kushoto akaja kulia, mimi nikaenda kulia, na Syombua akavuka uwanja wote, polepole, mbele ya Ikutha nzima, akaenda kusimama kushoto, karibu. Watu hawakuamini. "Wameacha shamba wazi!" "Wamemweka kiwete peke yake!" Kisha wote kwa pamoja, "Kavata! Pigia kule! Pigia kwa mwenye mguu!" Nilimtazama Kavata. Aliangalia kulia, akatuona tumejaa. Akaangalia kushoto. Akabadilisha miguu. Ule mguu wa mbele ukageuka kidogo tu, kama kundi linavyoinama, nikajua anapataka palipo wazi.

Mwikali akarusha mbali na mwili. Kavata akanyoosha mikono, akachelewa, akaupiga. Mpira ukapanda juu sana, juu ya vumbi, na wale wa kwenye besi wakaanza kukimbia, na kwa muda Ikutha yote iliangalia juu pamoja na mbuzi wake. Syombua hakukimbia. Alirudi nyuma kidogo, akasogea mbele kidogo, akaweka ule mguu mbovu pembeni kama mtu anayeweka kiti, akaungoja. Ukamwangukia kifuani ndani ya glavu, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akabaki amesimama hivyo, kichwa kimeinama, kama anayenong'ona nao.

Sijui nilipita vipi uwanja ule. Nakumbuka tu tulikuwa tumemzunguka, Mwalimu Ndunge amekaa tena kwenye vumbi, safari hii analia, na wale wazee wa soko wanagongagonga ardhi kwa fimbo zao. Halafu watu wakapisha na mwavuli mweusi ukaja. Yule mama alikuwa anawaambia majirani zake kwa sauti ya kusikika, "Huyo ni mke wa mwanangu. Huyo ni wetu." Akasimama mbele yake. "Syombua, mwanangu. Umetuletea sifa. Njoo nyumbani ule, nimepika." Syombua alikuwa bado ameukumbatia mpira. Alimwamkia vizuri, kama inavyotakiwa kumwamkia mkubwa, akainama kidogo na goti lake lisilokunjika. "Nilikuwa mke wa mwanao, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Asante kwa chakula. Lakini siwezi kuja. Timu yangu inaniita."

Hatukuwa tumemwita. Basi tukamwita, wote kwa sauti moja.